Mwanzi wa Darini

Tsuyako alikuwa na uongo mmoja tu maishani, na kwa miaka tisa aliuficha darini.

Alikuwa mshonaji wa pindo za mikeka, na hakuwahi kumpunja mteja hata uzi. Kila kiangazi, siku ya Tanabata, sikukuu ya nyota, alitoka alfajiri kukinga umande wa majani ya magimbi. Kwa umande huo alisugua wino, kwani ombi kwa nyota huandikwa kwa maji ya mbinguni. Kisha karatasi hufungwa kwenye tawi la mwanzi, na kesho yake mwanzi hupelekwa mtoni uchukuliwe na maji. Ombi ni la kuachiwa. Asiyeliachia hakuomba, ameshika.

Mwaka ambao mumewe Yoshitake aliugua mapafu, Tsuyako aliandika: "Asitoke nyumba hii." Mgonjwa akakata roho alfajiri ileile ambayo mwanzi ulipaswa kwenda mtoni. Watu waliposhughulika na jeneza, mjane alipanda ngazi akauficha. Alipoulizwa, akasema mto umeshauchukua.

Tangu hapo, kila ilipofika sikukuu ya nyota, majani yalichakarisha darini bila upepo. Asubuhi alikuta nyayo zenye maji mkekani, kutoka kwenye ngazi hadi kando ya godoro lake. Hakuogopa. Alifurahi, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake la pili. Kwani kila mwaka nyayo zilipungua kidole, na vidole vilipokwisha, zikapungua unyayo. Mwaka wa tisa alikuta kisigino peke yake.

Asubuhi hiyohiyo akaingia Isoe, dada wa marehemu.

"Wifi, mwanzi wa mwaka ule uko wapi?"

"Ulikwenda na mto. Unahoji kama polisi?"

"Mto gani, wa sebuleni? Nimemwota kaka. Wafu wenzake wote wamevuka mto, yeye amesimama ukingoni. Anasema viatu vyake viko kwako."

"Hata alipokuwa hai alikuwa hajui viatu vyake viko wapi."

Isoe hakucheka. Majani yakachakarisha juu ya vichwa vyao. Wanawake wote wawili wakainua macho.

"Mfumaji na mumewe mchunga ng'ombe, zile nyota mbili za mbinguni, wanapewa usiku mmoja kwa mwaka wa kukutana," Isoe alisema kwa sauti ya chini. "Kukicha kila mtu anarudi ng'ambo yake ya mto wa nyota. Wewe ni nani hata usiachane na wako?"

"Ukifiwa na mume ndipo uje unifundishe."

"Mimi nimefiwa na kaka, wifi, na humwachi afe."

Tsuyako akatazama kile kisigino mkekani. Kilikuwa kimeanza kukauka. Mwakani kungebaki nini? Akapanda ngazi.

Mwanzi ulikuwa mbichi kama uliokatwa jana. Alipogusa karatasi, wino ukamchafua kidole. Na mwanzi wenyewe ulikuwa mzito! Iliwabidi waubebe wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, mwendo wa watu wa mazishi. Muuza tofu ya soya aliyekutana nao alisogeza mkokoteni wake pembeni, akavua kofia, kisha akabaki akiitazama kofia mkononi kana kwamba hajui kwa nini ameivua.

Mtoni Tsuyako aliingia maji ya magoti. Aliutua mwanzi, lakini mkono wake wa kulia haukufunguka. Kitu kilikuwa kimemshika kifundo cha mkono huo, taratibu, kama mgonjwa anayeomba maji ya kunywa.

"Amenishika," alisema. "Isoe, hataki kwenda."

Isoe alisogea, akatazama.

"Wifi, hakuna aliyekushika. Ni mkono wako wa kushoto."

Kweli, ulikuwa mkono wake mwenyewe, umekaza mpaka kucha zimetoa damu. Akakifungua kidole kimoja, kisha cha pili, mpaka mikono yote miwili ikaachia.

"Nenda, baba," akasema. "Nimekuchelewesha."

Maji yakauvuta mwanzi. Kabla haujafika kwenye kona ya mto, majani yote yalikuwa ya kahawia, makavu ya miaka tisa. Ndipo Tsuyako akaketi majini na nguo zake akalia kilio cha mjane, na Isoe hakumnyamazisha.