Hofu ya Kumwita Mjukuu "Wewe"

Mwenye duka la vitambaa niliyesoma naye Kihispania hapa Kariakoo amefariki, na habari hiyo imenitia hofu isiyonitoka. Tulikutana darasani tu, katika chumba kilicho juu ya maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani. Mimi nilijiunga kwa udadisi. Yeye alikuwa na shida. Binti yake ameolewa Hispania, na mjukuu wake wa pekee hajui neno la Kiswahili. Moyo wa mzee ulikuwa mgonjwa. "Naogopa nitaondoka hatujazungumza hata siku moja," aliniambia.

Vitenzi vilimtoa jasho. Sisi hubadilisha mwanzo, ninasema, unasema; wao hubadilisha mwisho, hablo, hablas. Alivishika hivyo hivyo kwa ubishi. Kilichomshinda ni "tú", yaani wewe ya watu wa nyumbani na watoto. Mjukuu amepewa jina la baba mzazi wa mzee, na kwao mtoto wa namna hiyo huitwa baba na kuheshimiwa kama baba. Kwa hiyo aling'ang'ania "usted", wewe ya heshima, ambayo kitenzi chake hutamkwa kama unamsema mtu asiyekuwepo. Mwalimu wetu, binti mdogo tu, alimsihi: "Shikamoo mzee. Hiyo ni ya wakubwa na wageni, mtoto atakuona mgeni." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Ila baba yangu siwezi kumwita wewe. Nikimkosea adabu je?" Kila alipopiga simu, mtoto alisikia maneno yale ya kiofisi, akajificha nyuma ya mama yake.

Tunaosomesha na kuoza watoto ng'ambo hutembea mjini vifua mbele, lakini hatuambiani jinsi tunavyoogopa. Mimi pia nina wajukuu huko, na simu zetu zimekuwa fupi mno. Kwenye hitima ya mzee, binti yake alikuja na mtoto. Wakati dua inasomwa, nilimsikia mtoto akimnong'oneza mama yake kwa Kihispania: huyo bwana anayeombewa ni nani? Waliokuwepo hawakuelewa kitu. Mimi nilielewa.

Heshima ambayo mzee alimpa mjukuu ilikuwa kubwa, ila mtoto hakufundishwa kuitambua, ikamfikia kama ukali. Mwenye mjukuu wa mbali amsemeshe kama mtoto, tena leo, hata kwa makosa, kabla mtoto hajafika msibani akauliza marehemu ni nani.