Marehemu wa Kila Jumamosi

Klabu nzima ilimwita Marehemu, ingawa alikuwa hai na kelele zake zilisikika hadi barabarani. Kazi yake hasa ilikuwa kufua jezi. Hii ya kufa aliipata pale kocha alipoanzisha mazoezi ya huduma ya dharura, akahitaji mtu wa kuanguka uwanjani, mtu asiye na shughuli ya maana. Wote wakamgeukia mfua jezi.

Basi akawa anakufa kila Jumamosi. Alivua kofia, akaiweka pembeni isichafuke, akapepesuka, akaanguka chali. Mchezaji huyu alikimbilia kifua chake, yule machela, mwingine kifaa cha kushtua moyo. Mkewe, muuza tiketi, alilifungulia gari la wagonjwa geti huku amenuna. "Maneno huumba," alisema. Jina lile lilimkera mno.

Marehemu akishafufuka aliwasuta: "Wanangu, leo mmechelewa. Ningeshaanza kunuka!"

Msimu ulipokaribia, daktari alikuja kuwapima wachezaji moyo. Marehemu naye akapanga foleni. Si na yeye ni wa timu? Daktari alimsikiliza kifua, akarudia, akakunja uso.

"Mzee, moyo wako una kasoro. Jumatatu uende hospitali kubwa. Na kuanzia leo, marufuku kuigiza mgonjwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unaumwa."

Ilimuuma kuliko huo moyo wenyewe. Ukimnyima mtu kufa kwake, anabaki na nini? Sabuni tu.

Jumamosi wakampa kipa kazi ya kufa. Kipa akaanguka kama anayedaka mpira, halafu akacheka. Uzalendo ukamshinda mzee.

"Mtu hafi hivyo! Mnaniharibia kazi!"

Akaingia uwanjani mbio, akapepesuka, akaanguka. Wachezaji wakampigia makofi. Kocha akafoka, "Mzee, inuka! Umekatazwa!"

Mkewe pale getini ndiye aliyeona. Akapiga ukelele: "Kofia! Hajavua kofia!"

Makofi yakakatika. Kisha kila mmoja akakimbilia nafasi yake bila kuulizana. Uzito wa mzee yule waliujua, na kifua chake walikwishakizoea. Hata geti lilikuwa wazi kabla kocha hajatoa amri.

Alipofumbua macho hospitalini, mkewe alikuwa kando ya kitanda, macho yamevimba kwa kulia.

"Waliwahi?" akanong'ona.

"Waliwahi, mume wangu."

"Safi sana. Sasa Jumamosi..."

"Jumamosi utakuwa hai," mkewe akamkatiza, akamvisha kofia na kuishindilia hadi masikioni.