Kopo Lisilofunguliwa

Daktari alisema wiki sita. Wiki sita bila tumbaku ya aina yoyote, ndipo atampasua baba yangu na kumwekea mshipa mwingine kwenye mguu wa kushoto ili damu ishuke mpaka vidoleni. Akivuta hata kidogo, kazi yote ni bure, mshipa utaziba, na baada ya hapo itabidi wafikirie njia nyingine. Mimi ni muuguzi. Njia nyingine naijua, inaanzia chini ya goti au juu yake.

Baba alinitazama mimi, si daktari. "Mwambie nimesikia," akasema kwa Kiswahili, na Kiingereza alikuwa anakijua vizuri sana, kile cha melini, chenye matusi mengi kuliko salamu.

Tukatembea kwenda kituo cha basi, yeye akisimama kila baada ya nguzo tatu za taa na kujifanya anatazama madirisha ya maduka. Duka la magauni ya harusi alilitazama dakika nzima. Mguu ulikuwa unamuuma, basi, lakini baba yangu asingekubali mtu aone. Nami nikatazama magauni pamoja naye na kusema lile la kulia limekatwa vibaya.

Alikuwa baharia, mtia makaa kwanza, halafu mtia mafuta wa mashine, kwenye meli za mizigo za Waingereza. Mapinduzi ya Zanzibar yalimkuta baharini, hata sijui baina ya bandari gani na gani, kwani kila alipohadithia bandari zilibadilika. Hakurudi. Alishukia London, akapanga chumba, na miaka mingi baadaye nami nikaja kusomea uuguzi. Nilipopata nyumba yangu Lewisham, kusini ya mji uleule, nikamchukua. Alikuja na sanduku moja, msala wa kusalia na viko vinne.

Jamani, tumbaku! Mzee huyu angeweza kukaa mezani saa mbili akieleza tumbaku ya mabaharia, na chai yake ikapoa ikafanya utando. Alisema kwenye meli za matanga za zamani mtu hakuvuta popote apendapo, palikuwa na mahali pake juu, na chini kwenye shehena watu walitafuna tu, kwa kuogopa moto. Hata maharamia, watu wasiomwogopa mfalme, walikuwa na sheria kwamba anayeshuka kwenye baruti na kiko kisicho na kifuniko atachapwa. "Maharamia walikuwa na adabu kuliko watu wa basi la hapa," alikuwa akisema. Na aliniapia kwamba safari moja tumbaku iliwaishia katikati ya maji, wakakausha majani ya chai wakavuta, wakakwangua kamba wakavuta, na watu wawili waliokula sahani moja miaka mitatu wakatoleana visu. Njaa wanaume walivumilia. Tumbaku kwisha, hapana.

Nilisikiliza hadithi hizo kama unavyosikiliza redio huku unakosha vyombo. Ningezisikiliza vizuri ningejiepusha na mambo mengi.

Basi akaacha. Alinishangaza, sikatai. Siku ya kwanza akaweka viko vyote vinne juu ya kabati, akasema, "Haya." Akawa anatafuna karafuu na kugomba na televisheni. Usingizi ukampaa, leo chumvi ya mchuzi imezidi, kesho haitoshi. Nikastahamili. Siku ya tano, ya saba, ya kumi na moja. Kazini nilikuwa najigamba mpaka wenzangu wakachoka nami, eti baba yangu ameivuta miaka arobaini na ameiacha kwa neno moja.

Siku ya kumi na mbili nilitandika kitanda chake. Chini ya mto palikuwa na kopo la tumbaku.

Mama wee! Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Nikafungua droo ya kofia, kopo la pili. Nikatia mkono mfuko wa koti, la tatu. Tumbaku ileile yake, makopo ya kijani. Mimi nikikasirika sisemi na akili yangu, naianza kazi kwa mikono. Nikayapeleka jikoni, nikayafungua kwa nguvu na ncha ya kisu, moja lilinikata kidole, yakatoa pumzi fyuu, nikamwaga yote kwenye pipa la taka na juu yake nikamwaga machicha ya nazi na maji ya samaki, ili asije akapata wazo la kuokoa kitu.

Baba alitoka msalani, akasimama mlangoni.

"Umeyatupa?"

"Nimeyatupa! Unanidanganya ndani ya nyumba yangu? Mimi naomba ruhusa kazini, nakuchukua hospitali, kumbe wewe unalalia tumbaku kama mtoto na mwanasesere!"

"Umeyatupa yote?"

"Yote, baba! Na nikiliona jingine nitalitupa!"

Nilitegemea atapiga kelele, maana ukali wangu nimeurithi kwake. Hakupiga. Uso ulimbadilika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, kama mtu aliyeambiwa nyumba imefungwa na yeye yuko nje. Akavaa koti polepole, kifungo kwa kifungo, akatoka. Aliporudi adhuhuri nilimnusa kabla hajafika ngazini. Amevuta.

Akavuta na siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Hakujificha, alikaa kwenye kiti cha uani na kiko mdomoni, mguu ameunyoosha mbele kama mzigo wa mtu mwingine. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kubadilika rangi. Mimi nakijua kidole kile, nimekiona kwenye miguu ya watu wengi, na najua baada yake kinafuata nini. Hatukusemezana. Nilipika, nikaweka mezani, akala, akasema alhamdulillahi kuiambia sahani. Kwenye basi la kwenda kazini nililia waziwazi, na mwanamke mmoja akanipa karatasi ya kufutia pua bila kuniuliza.

Siku ya tano ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikapanda treni kwenda Edgware Road. Baba alikuwa na rafiki mmoja tu aliyebaki, mtu wa Mombasa waliyefanya naye kazi chumba kimoja cha mashine miaka sita. Nilimwita ami tangu nilipofika nchi hii. Kila siku alikaa kwenye mkahawa mmoja wa Waarabu, kiti kilekile, moshi wa buruma, vile viko vya maji, umewafunika wote humo, na mimi nilikuwa nimeshajiambia kwamba huyu ndiye aliyemnunulia baba makopo. Nimeyapanga maneno yangu yote njiani.

Sikusubiri hata chai. "Ami, nakuheshimu, lakini baba atakatwa mguu, na wewe unampa tumbaku!"

"Nimempa," akasema. "Makopo matatu. Aliniomba siku ile mlipotoka kwa daktari."

"Na huoni haya?"

"Kaa, mwanangu. Hebu nikuulize. Hayo makopo ulipoyakuta yalikuwa yamefunguliwa?"

Kidole changu kilikuwa bado kina plasta pale kopo liliponikata. Kopo lililokwisha kufunguliwa halihitaji kisu. Na ile pumzi, fyuu, ni ya kopo jipya. Yote matatu yalikuwa mapya, yamejaa mpaka juu, siku kumi na mbili.

Ami alianza kucheka, aliponiona akaacha. Akasukuma glasi yake ya chai mbele yangu.

"Sikiliza. Sisi kule chini tulifunga Ramadhani na moto mbele yetu. Mwenye kopo lake limejaa alifunga mpaka magharibi, wala humsikii. Aliyeishiwa, adhuhuri keshatafuta wa kupigana naye. Wote wawili hawavuti, sivyo? Tofauti ni kopo tu. Tulipopakia mafuta, hakuna kuwasha hata kiberiti siku tisa, kila mtu alilala na kopo lake zima chini ya kichwa. Baharia hababaishwi na kutovuta. Anababaishwa na kujua kwamba haipo."

"Hakuniambia," nikasema.

"Ulimuuliza?"

Sikumuuliza. Nilimhukumu nikiwa nimeshika kisu. Niliona haya hata kuinywa chai ya watu. Miaka yote nilijiona ndiye ninayemjua yule mzee, vidonge vyake, presha yake, kinyesi chake, kumbe mlinzi wake nimemtupa kwenye machicha ya nazi.

Karibu na stesheni ya Lewisham palikuwa na duka la Mhindi mmoja wa Kisumu, ambaye kila aliponiona alinisalimu kwa Kiswahili cha Kisumu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nikamwomba makopo matatu ya kijani.

"Sista! Na wewe umeanza?"

"Ya baba."

"Wote husema ya baba."

"Lete makopo, usinitie kichaa!" nikamwambia, naye akayafunga kwenye karatasi huku anatikisa kichwa. Nikaingia barabarani nimekumbatia tumbaku, mimi niliyebandika picha za mapafu meusi kwenye ukuta wa wodi. Nilimwona mwenzangu wa kazini ng'ambo ya njia nikageuza uso kama mwizi.

Baba alikuwa jikoni. Nikayapanga mezani mbele yake, moja, mbili, tatu.

"Nisamehe, baba. Sikujua."

Akachukua kopo la kwanza, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko, akalitikisa karibu na sikio. La pili hivyohivyo. La tatu. Halafu akatia mkono mfukoni akatoa kopo jingine, lile alilonunua mwenyewe, limeshaliwa nusu, akalisukuma upande wangu.

"Hili limefunguliwa," akasema. "Hili litupe."

Nikalitupa. Aliniuliza kama leo nimwagie na maji ya samaki, nami nikacheka nikilia, na hapo ndipo tulipoanza kusemezana tena.

Kwa daktari alisema ukweli mwenyewe, kwa Kiingereza safari hii, kwamba siku nne alivuta. Daktari akakitazama kile kidole muda mrefu. Hakuweza kusubiri wiki sita nyingine, akatupa nne, na akasema wazi kwamba kidole kikizidi kabla ya hapo hatangoja. Wiki nne zile mimi sikulala vizuri. Kila asubuhi nilimvua soksi nikatazama, na kila asubuhi baba alitazama uso wangu badala ya mguu. Nilijifunza kutoonyesha kitu. Alirudia karafuu zake, alirudia kugomba na televisheni, na kopo la chini ya mto nilikuwa nalinyanyua ninapotandika na kulirudisha palepale. Siku moja aliniita akiwa kwenye kiti, jasho linamtoka, akaniambia, "Leo ni mbaya. Nipe koti langu." Nikampa. Akatia mkono mfukoni, akakaa hivyo mpaka alasiri ilipoadhiniwa kwenye saa yake ya ukutani, akatoa mkono mtupu akaenda kutawadha.

Wakampasua. Kazi ya saa tano nzima. Nilikaa kwenye ukumbi wa hospitali ambayo si yangu, sina sare ya kazi, sina la kufanya, nikagundua jinsi tunavyowatesa ndugu wa wagonjwa kwa kuwaambia tu wangoje. Daktari alipotoka akanichukua mpaka kitandani, akaniwekea vidole vyangu juu ya unyayo wa baba. Nikausikia mpigo, mdogo lakini upo, na unyayo una joto. Nimeshika mapigo ya maelfu ya watu katika maisha yangu. Ule sikuuachia mpaka waliponitoa.

Siku ya nane walimruhusu kutembea kwa mkongojo mwenyewe. Wakati ule hospitali za hapa zilikuwa na chumba cha wagonjwa kuvutia sigara, mwisho wa wodi, wazee na nguo zao za kulalia wamekaa ndani ya moshi wakitazama mpira. Nilikuwa nimetoka shifti ya asubuhi moja kwa moja nikaja, nimesimama kando ya kitanda chake kwa kuwa viti vyote vilikuwa vimechukuliwa. Baba akateremka. Akaanza kwenda, hatua ndogondogo, akaupita mlango wa choo, akalipita dirisha. Akaingia kwenye chumba cha moshi.

Miguu yangu ilishaanza kumfuata, na maneno yote ninayoyajua, ya upole na ya ukali, yalikuwa yamepanga foleni mdomoni. Nikauma ulimi. Nikashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili nikabaki pale, na wallahi sijafanya kazi nzito kuliko ile.

Alikaa humo kama dakika mbili. Nilisikia kiti kikiburuzwa, mtu akilalamika kwamba anazibiwa mpira, na baba akimjibu kwa Kiingereza chake cha melini. Halafu akatoka kinyumenyume. Mkongojo ameutundika mkononi, anakivuta kiti cha mbao, anakisukuma, anakiegemea, anakivuta tena, kwenye miguu yake miwili, wodi nzima wanamtazama. Akakifikisha mpaka nilipo, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Kaa," akaniambia. "Umesimama tangu asubuhi. Mimi nitasimama."