Kiwanja cha Sifuri

Ndugu zake walimwita Kiguu na Njia tangu utotoni, na jina likamganda. Hata wateja waliomletea makochi kuvishwa vitambaa vipya walimwita Fundi Kiguu bila kujua jina limetoka wapi. Limetoka kwenye mguu wake wa kulia, ambao haujui kutulia. Akikaa kitini unatikisika. Akisikiliza taarifa ya habari unatikisika. Mkewe, ambaye ndiye mshonaji wa vitambaa vya makochi hayo, anasema siku alipokuja kumchumbia alidhani bwana anataka kwenda msalani ila anaona haya kuuliza.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeachiwa na baba yake urithi wa kubadilishana. Kama marehemu alikosea jambo moja duniani, Mungu amrehemu, alikosea hilo.

Mzee aliacha watoto wanne na vitu vinne: kiwanja kando ya barabara, hisa za kiwanda cha saruji, fedha zilizowekwa benki kwa muda maalumu, na bangili za dhahabu za mama yao. Siku ya kugawana, vyote vilikadiriwa kuwa na thamani inayokaribiana, na kila mtoto akachukua kimoja. Masharti ya mzee yalikuwa machache. Kitu kisiuzwe nje kabla ndugu hawajaulizwa. Kila mwanzo wa mwaka wakutane kwa Dada, mkubwa wao, waangalie kila kitu kimezaa nini, na anayetaka kubadilishana na mwenzake aseme. Mwenye kitu cha thamani ndogo ataongeza fedha juu. Na biashara hiyo hufungwa kwa chai. Ukishamaliza kikombe chako, umeridhika na ulichonacho mpaka mwaka mwingine.

Kiguu hakuwahi kumaliza kikombe.

Fungu lake la kwanza lilikuwa kiwanja. Mwaka ulipoisha, Kaka, ambaye ni mhasibu na hupenda kukohoa kabla ya kusoma tarakimu, akafungua karatasi yake. Kwa kila kitu alikuwa ameandika thamani ya Januari, thamani ya Desemba, na kilichoingia mfukoni katikati, iwe gawio au riba. Saruji ilikuwa imepata asilimia ishirini na sita. Kiwanja, sifuri, hakuna aliyeuza wala kununua kiwanja cha jirani, na majani hayalipi kodi. Kiguu akahisi amepunjwa na marehemu baba yake mwenyewe. Kabla chai haijaacha kutoa moshi alikuwa amekwisha kubadilishana na Dada, akaongeza fedha za makochi mawili, akarudi nyumbani na hisa za saruji, meno yote nje.

Mwaka uliofuata tanuri la kiwanda likapasuka na hisa zikaporomoka. Benki ndiyo iliyoongoza. Kiguu akahamia benki kwa Kaka, akaongeza fedha. Riba ikashushwa, saruji ikafufuka mikononi mwa Kaka. Dhahabu ikapanda, Kiguu akahamia kwenye bangili za mama, zilizokuwa kwa mdogo wao wa kike, kitinda mimba, akaongeza fedha tena. Dhahabu nayo, ilipofika kwake, ikalala fofofo. Alikuwa kama mtu anayehama foleni dukani kila anapoona ya pili inakwenda, na akishaingia, mbele yake kuna mwanamke anayebishania chenji. Mara mbili akaomba kuzitoa bangili, mara mbili akakosa wa kuzipokea. Ndipo akakaa nazo, si kwa subira, bali kwa kukosa pa kwenda.

Wakati huo huo karakana yake nayo ilikuwa haikai. Alipanga banda nyuma ya gereji, likabomolewa. Akapanga ghala, mwenyewe akalitaka. Kila alipohama, makochi ya watu yalipanda mkokoteni yakiwa uchi, sponji nje, na mvua ina tabia ya kuwasubiri wenye mikokoteni. Mwisho wa mwaka mmoja mwenye banda jipya alilopanga alikuja kumwambia kwamba binti yake anataka kufungua saluni, kwa hiyo mwezi ukiisha na yeye atoke.

"Mimi na cherehani yangu tumechoka kuzurura," mkewe alimwambia walipokuwa wakivaa kwenda kwa Dada. "Nataka mahali nitundike kioo ukutani, nisikitundue."

"Mahali patapatikana."

"Palikuwepo, mume wangu. Ulipabadilisha na saruji."

Kiguu akainama kufunga kamba za viatu.

Kwa Dada sebule ilikuwa na ndoo tatu sakafuni, kwa sababu paa lilikuwa limeng'olewa na upepo upande mmoja na turubai halikuziba vizuri. Dada ni mkunga; amepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, lakini mshahara wa mkunga haununui mabati ya nyumba nzima kwa mpigo. Akamimina chai, Kaka akakohoa.

"Benki, asilimia tisa. Ila bei za vitu zimepanda saba, kwa hiyo kilichobaki hasa ni mbili." Kitinda mimba akakunja uso. "Saruji, kumi na nne. Kiwanja, sifuri, kama kawaida yake." Akamtazama Kiguu juu ya miwani. "Dhahabu, thelathini na mbili."

Kiguu alidhani amesikia vibaya. Akaomba karatasi, akaisoma mwenyewe. Thelathini na mbili! Miaka yote ile ya kufika sherehe ikiwa imeisha, leo yeye ndiye wa kwanza. Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Kitinda mimba akapiga vigelegele vya utani, Kaka akampa mkono kwa heshima kubwa, kama anayempa bwana harusi. Hata mguu ulitulia. Mkewe aliutazama kwa mshangao.

"Haya," Dada akasema, "na mimi nina langu. Nimeomba sana mkopo wa mabati, sikupata. Paa haliwezi kungoja masika. Kuna mtu wa malori anakitaka kiwanja, atanilipa Jumatatu. Nawauliza ndugu zangu kama baba alivyotaka: yupo anayekitaka?"

Kaka akatikisa kichwa. Kitinda mimba alikuwa akipuliza chai yake.

Kiguu alihisi mkono wa mkewe ukigusa goti lake chini ya meza. Hakuminya, aliuweka tu. Kiguu akakiona kiwanja kile, majani yake na jiwe lake la mpaka, barabara inayopita mbele ambako mtu angeweza kupanga makochi yaonekane. Kisha akaiona thelathini na mbili. Ingekuwaje mtu apigane miaka yote kufika kileleni, na siku anapofika ateremke kwa hiari yake, ashike sifuri? Watamcheka. Yeye mwenyewe angejicheka. Mguu ukarudia kazi yake, vikombe vikaanza kulia juu ya visahani.

"Kama hakuna..." Dada akashika kikombe chake.

"Subiri, Dada!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Chukua bangili. Dhahabu utaiuza kesho asubuhi, mabati utayapata jioni. Nipe kiwanja."

Kaka akavua miwani. "Bangili zina thamani zaidi. Dada atatakiwa kukuongezea, na fedha hana."

"Nyongeza sitaki."

"Husikii? Unatoa thelathini na mbili, unachukua sifuri, na nyongeza unasamehe! Shemeji, mumeo ni mzima?"

"Leo ni mzima, shemeji," mkewe akasema.

Dada akazipokea bangili, akazishika kama alivyokuwa akizishika mama yao alipozivua ili akande unga, akalia kidogo, akaifuta meza ambayo haikuwa na vumbi wala tone. Bangili tatu aliziuza kesho yake. Ya nne hakuweza.

Mwaka huo Kiguu alijenga banda la mbao kwenye kiwanja, na mkewe akapiga msumari ukutani, akatundika kioo. Wateja waliongezeka, kwa sababu sasa walijua pa kumkuta. Mngetegemea mtu huyo alale usingizi. Hakulala. Kila Jumamosi alikwenda kwa sonara kuuliza bei ya dhahabu, bila ya kuwa na dhahabu, na kila Jumamosi bei ilikuwa imepanda, naye alirudi amenuna, akapigilia misumari ya kochi kwa hasira mpaka mkewe akamwomba aihurumie mbao.

Januari wakakaa tena kwa Dada. Mvua ilikuwa ikinyesha, na sebuleni hapakuwa na ndoo hata moja.

Kaka akakohoa. Dhahabu ilikuwa imepata ishirini na moja juu ya ile ya mwaka jana. Benki nane. Saruji, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa ikijenga, ishirini na nane. "Na kiwanja, sifuri. Hakuna aliyeuza jirani." Akaikunja karatasi, kisha akainama mbele. "Mdogo wangu, nasema kwa dhati. Natafuta pa kujenga vyumba vya kupangisha. Hisa zangu zote kwa kiwanja chako, na nyongeza sitaki. Sijapata kukupa mpango mzuri kama huu."

Ilikuwa kweli, hajapata. Ishirini na nane! Mguu wa Kiguu ulikuwa unakwenda kama sindano ya cherehani. Alitamani zile hisa kwa tamaa aliyoifahamu vizuri, ile inayoanzia tumboni na kupanda kooni ikiwa tayari imekuwa neno "ndiyo". Akamtazama mkewe amsaidie. Mkewe alikuwa akitazama mvua dirishani, mikono yote miwili ameiweka mezani, mbali na goti lake.

Kiguu akashika kikombe. Chai ilikuwa imetoka jikoni sasa hivi, hakuna aliyekuwa ameigusa. Akaiinua akainywa yote, bila ya kupuliza, mpaka machozi yakamtoka, akakigeuza kikombe chini juu kwenye kisahani chake.

"Umeungua?" Kaka akauliza, mdomo wazi.

"Nimeungua," akasema.

Mkewe akamsogezea glasi ya maji. Mguu haukuacha kutikisika mpaka walipofika nyumbani.