Pikapu ya Baba na Geti la Kawajense

Pikapu aliyotuachia baba ilikuwa na bodi ndefu, na ua wangu wa Kawajense ulikuwa mfupi. Geti lilifunguka kwa ndani, hivyo kila nilipoegesha, mkia wa gari ulilizuia lisifungike. Katika bodi hiyo baba alitupeleka Karema kila Krismasi, sisi watoto mbele, mama nyuma kabisa akituchunga tusidondoke.

Nilipima ua kwa utulivu wote wa msomi, nikamkabidhi fundi vipimo, naye akaikata chasisi na bodi. Geti likafungika vizuri. Kwa fahari, niliwaita ndugu zangu waje kushuhudia.

Dada yangu aliizunguka pikapu polepole. "Kaka, hapa tutakaa wangapi? Au wengine tutawafuata kwa miguu?"

Mama hakucheka. Aligusa ukingo mpya wa bodi, akitafuta mahali pake pa kukaa, kisha akaligeukia geti.

"Mwanangu, kwa nini hukuligeuza lifunguke nje?"

Nilitoka getini, nikatazama. Nje palikuwa peupe, hapana hata kichaka.

Alasiri ile fundi alihamisha bawaba. Krismasi iliyofuata, mama alikwenda Karema kwa basi.