Friji yangu ilishikwa na homa ya 38 hapa Kitengela, na sensor haikuwa na makosa

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, upande wa vumbi.

Hii si hekaya ya rafiki wa rafiki, ni yangu mimi mwenyewe. Mwenye kubisha aje nimwonyeshe kidole, alama bado iko.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Nyandarua, nimeoa Mmaasai wa Bissil anaitwa Naserian. Wakati wa kuoa, mjomba wake aliniketisha chini akanisomea sheria: mama mkwe ni heshima. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, humwiti jina. Umempa kondoo, kwa Kimaa enker, kwa hivyo utamwita Paker, na yeye atakuita Paker hivyo hivyo, kwa sababu ya hiyo kondoo.

Sawa kabisa. Shida ni kwamba mjomba alikuwa anafikiria boma. Mimi niko na two-bedroom.

Sasa Paker akaja kukaa na sisi kwa sababu ya sukari. Anadungwa insulin na kwake hakuna friji. Akaja na dawa, kibuyu cha maziwa, mayai amefunga kwa leso, na kuku mmoja ndani ya carton.

Kitchen ikawa yake. Akiwa kitchen, mimi niko sitting room. Akija sitting room, mimi nachapa mbio bedroom. Siku moja tulikaribia kukutana kwa corridor, nikaingia choo nikatokea dirishani. Na si kujisifu, mimi ni mtu wa tumbo.

Jumapili ya kwanza Naserian akaniletea sahani ya kuku bedroom. Nikajua ni yule wa carton, nikasema Mungu amlaze pema, nikala.

Mkumbuke hapo kwa kuku, tutarudi.

Friji yetu ni ya zamani. Board yake ilikufa, fundi akaweka juu yake kale kasanduku kenye namba nyekundu. Kutoka hapo kuna waya mweusi mwembamba unaingia ndani kupitia katundu kadogo nyuma. Mwisho wa waya ndio sensor, kitu kama punje ya maharagwe. Sensor inapima, kasanduku kanaamua. Joto likipanda friji inanguruma, ikifika nne inazima. Imefanya kazi hivyo miaka bila maneno.

Basi jioni moja Naserian akatoka kitchen uso umeanguka. Maziwa jiwe. Sukuma jiwe. Na insulin ya mama imeganda. Nesi alikuwa amewaambia wazi kwamba dawa hiyo ikiganda hata mara moja, ni ya kutupa.

"Soma namba kwa kasanduku," nikapaza sauti kutoka kwa sofa.

"Thelathini na nane!"

"Soma tena."

"Thelathini na nane! Na hapa ndani ni Mount Kenya!"

Nikasikia Paker akisema kitu kwa Kimaa. Naserian akanitafsiria kupitia ukuta: "Mama anasema hiyo ni homa."

Wakuu, mnacheka, lakini wamama wa kanisa walikuja kuombea hiyo friji. Mmoja akaiwekea mkono ubavuni, akautoa haraka. "Kweli inachomeka!" Na ilikuwa inachomeka, maana ilikuwa inanguruma mchana kutwa bila kupumzika.

Nikapigia fundi simu. Hata hakutaka kuja. "Boss, ndani barafu, namba moto, hiyo sensor imeenda. Inakudanganya. Weka ingine." Nikaona ana point.

Dawa mpya tukaihifadhi kwa jirani, Mama Kevo. Kila asubuhi Paker anajifunika leso, anavuka njia, anabisha hodi kuomba dawa yake mwenyewe. Hiyo kitu ilimuuma sana. Jioni moja akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, nadhani ndio nisikie: "Jumatatu narudi Bissil. Nyumba ikikataa dawa yako, imekukataa wewe."

Naserian alilia. Akaniambia, "Mama akirudi huko bila friji, unajua vile itaisha. Tafadhali tengeneza hiyo kitu." Niliogopa, wakuu. Sijawahi kuogopa friji hivyo.

Jumapili nikasikia mlango, nyumba ikanyamaza. Nikajua wote wameenda kanisa. Nikaingia kitchen kwa mara ya kwanza tangu Paker afike, sensor mpya mfukoni, tochi mdomoni.

Nikafungua friji. Sensor haiko! Kale katundu kamezibwa na kitambaa, tena vizuri, kazi ya mtu mpole. Nikajipenyeza nyuma, nikafuata waya na mkono. Waya unashuka. Unashuka tena. Unaingia gizani chini ya friji.

Kulikuwa na joto. Kulikuwa na manyoya. Hiyo kitu ilikuwa inapumua.

Halafu ngwa! Kidole kikadonolewa.

Niliita jina la Yesu na la mama yangu kwa pamoja. Kujaribu kutoka, nimekwama kati ya friji na ukuta. Na hapo ndio nikasikia mtu amesimama mlangoni. Paker hakuwa ameenda kanisa. Alikuwa kwa Mama Kevo kudungwa.

Mjomba hakuwa amenipa sheria ya makalio, wakuu. Nilitamani ardhi inimeze, lakini hata ardhi ilikuwa mbali.

 Halafu, bila ukuta katikati, nikasikia: "Paker. Toa mkono kwa kuku yangu."

"Kuku gani? Si tulikula?"

"Mlikula ya butcher."

Ikatoka yote. Nyuma ya friji kuna joto, akaona ni mahali pazuri pa kuku kulalia mayai. Na ndani ya friji alikuta kamkia keusi kananing'inia juu ya kibuyu chake. Waya kwa maziwa, uchafu gani huo? Akakarudisha nje, kakaangukia chini ya kuku, kisha akaziba tundu baridi isitoroke. Alimwambia Naserian, "Nimetoa mkia kwa friji." Naserian akadhani ni mkia wa ng'ombe, akajibu sawa, tutapika.

"Paker," nikasema, bado nimekwama, "tafadhali inua kuku kidogo, usome namba."

Akainua. "Thelathini na nane... thelathini na tano... thelathini... Oi! Homa inashuka!"

"Rudisha kuku."

"Inapanda!"

Tukarudia. Haja haikuwepo, lakini tulirudia.

Wakuu, sensor haikuwa imeharibika. Ilikuwa inasema ukweli mtupu, ila ni ukweli wa kuku. Friji ikisikia 38 inakimbia. Ikikimbia, nyuma inachomeka. Kuku akisikia joto anafurahi, analala vizuri zaidi juu ya sensor. Na zile kelele za ko-ko-ko za usiku, mimi nilikuwa nimeshadiagnose ni compressor.

Nikanasuliwa. Tukaweka sensor kwa glass ya barafu, ikasoma sifuri, nikairudisha ndani mbali na kibuyu. Paker aliangalia namba ikishuka mpaka nne, friji ikanyamaza.

"Kwa hivyo si nyumba," akasema.

"Si nyumba."

"Na wewe? Mbona unanikimbia? Hata mwanaume wa Bissil hapitii dirisha la choo. Nilijua hunitaki hapa."

Nikamwambia habari ya mjomba. Akacheka mpaka akakaa kwa jerican. "Ulinipa kondoo ndio tuweze kuongea! Na huyo mjomba hajawahi kukaa kwa nyumba ya corridor."

Niliona haya, na nilifurahi sana.

Jumatatu hakuna aliyeenda Bissil. Dawa ilirudi nyumbani. Mayai yalianguliwa, na Paker akanipatia kifaranga mmoja mweusi. Zawadi ikibadilika, jina linabadilika. Kuku kwa Kimaa ni enkukuu, sasa huyu mama amejitungia lake. Ananiita mpaka nje ya gate, na wa duka anadhani ndilo jina langu la ID.

Nilichojifunza: kabla hujahukumu sensor, fuata waya mpaka mwisho. Na uulize mwenye kitchen.

Haya, nani mwingine ameangushwa na heshima? Mwageni zenu hapo chini, nitasoma zote. Sasa hivi naitwa mezani: "Pakukuu! Chai!"

Na leo napitia mlangoni.