Mjane wa Bulaimu Barazani

Bulaimu, fundi cherehani wa Kasongo, alipofariki, mkewe Mwamvita hakuwa amemaliza hata eda wakati Kalonda, kaka wa marehemu, alipotoka kijijini Wamaza kuja kusema kwamba nyumba ni ya ukoo. Bulaimu alizaliwa huko, Mubangubangu kwa baba na mama. Alisilimu akiwa mtu mzima, akajenga mjini.

Kwa sheria ya msikiti, ndugu asiye Mwislamu kama Kalonda harithi, hivyo nyumba ilikuwa ya mjane na binti yake Aziza. Kwa desturi ya Wabangubangu, nyumba na mtoto vyote vilirudi Wamaza. Wazungu nao walikwisha kuamuru kila mtu mweusi ahukumiwe kwa desturi ya kabila lake, kana kwamba mtu hawezi kuwa na kwao kuwili.

"Mutakaa tu, shemeji," Kalonda alimwambia. Mwamvita hakumwamini.

Barazani mwamuzi akamwuliza, "Bwana yako alikuwa mutu wa kabila gani?"

Kalonda alikuwa amesimama pale pale, yeye aliyeleta mchele wa matanga. Mwamvita akatazama chini.

"Alikuwa muungwana wa Kasongo, mutu wa musikiti. Hakukuwa na ukoo ingine."

"Na huyu?"

"Simujue."

Kalonda alivaa kofia yake akatoka kabla hukumu haijasomwa. Nyumba ikawa ya Mwamvita.

Miaka ikapita, Aziza akaposwa. Wakwe wakauliza baba zake wako wapi. Mwamvita akapanda lori la pamba, kisha akatembea kwa miguu hadi Wamaza. Kalonda alimkaribisha vizuri, hata akamwita jirani Mwislamu aje amchinjie kuku.

"Shemeji," Mwamvita akamwambia, "mutoto wako anaolewa. Kuya umusimamie."

"Baraza ilisema Bulaimu hakukuwa wetu, mama. Mimi ni nani nibishe sheria ya serikali?"

Alimwita mama, kama mgeni yeyote.

"Nilisema vile juu ya nyumba tu."

"Najua. Mimi nilitaka tu mutoto ajue kwetu."

Asubuhi akamsindikiza hadi barabarani, akarudi zake.

Aziza aliozwa na shehe wa mtaa, mtu mwema. Alipotaja jina la Bulaimu mbele ya watu, hapakuwa na ndugu wa damu hata mmoja wa kuitikia. Mwamvita alikuwa jikoni, mwiko mkononi. Walimwita mara kadhaa aje ale, hakutoka.